Mstari wa Nne

Jumamosi saa tatu, kabla mlima haujajifunika,
nafungua chumba cha nyuma cha maktaba, hapa Moshi,
napangusa vumbi kwa kipande cha kanga,
nawasha kompyuta moja moja kama mtu anayeamsha watoto wa shule.
Saba zinaamka. Ya nane inakoroma tu.

Kibodi ya dirishani haina herufi A.
Mahali pake nimebandika plasta ya kidonda.
Bonyeza hapo kwa nguvu, nawaambia, itaitika.

Wanafunzi wangu hawafanani hata viatu.
Senzota wa Pasua ameacha bodaboda yake kwa mlinzi,
helmeti kaipakata kama kuku aliyemnunua mnadani.
Mwalimu Kileo, mstaafu, anagonga vitufe
kama yuko kwenye taipureta ya mwaka sabini,
na kila mwisho wa mstari mkono wake unasukuma hewa
kutafuta kile chuma cha kurudisha karatasi.
Nakijwa anataka barua ya kuomba kazi hotelini,
na anaitaka leo.

"Shika kipanya," nasema. "Usikikabe. Hakikimbii."
Kishale kinapotea pembeni mwa kioo,
Senzota anainama kukitafuta chini ya meza,
nami nacheka, kisha najikumbuka:
siku yangu ya kwanza nilikinyanyua kipanya
nikakipitisha juu ya kioo kama pasi.

Halafu yuko Bi Aikaruwa wa Uru, pale dirishani.
Miaka thelathini amechambua buni kiwandani,
nzima huku, iliyotobolewa kule.
Macho yake hayatafuti herufi, yanaichagua;
kidole kinashuka, kinaitoa, basi.
Wiki ya tatu sasa ukurasa ule ule:
majina ya watoto wa marehemu baba yake,
ya kupeleka kwenye kikao cha ukoo,
wagawane kihamba kabla masale ya mpakani
hayajaanza kutembea usiku.

Leo kamaliza. Kahifadhi mara tatu,
kama afungaye mlango akarudi kutikisa kitasa.
Printa imeshaanza kunguruma
ndipo anaponyoosha mkono.
"Mwalimu, ngoja."

Anatazama kioo.
"Ukitaka kumwingiza mtu katikati,
waliopo chini unawafuta?"

"Hapana, Bi. Hufuti mtu."
Nikamwekea kishale mwisho wa jina la tatu.
"Bonyeza hiki kitufe kipana. Mara moja tu."

Akabonyeza.
Na wote wa chini, Ndelilio, Mkunde,
hadi Eliapenda kitinda mimba,
wakashuka hatua moja, kwa pamoja,
pasipo aliyenung'unika.
Ikabaki nafasi nyeupe,
na kishale kikipepesa ndani yake
kama mtu aliyesimama mlangoni
asiyejua kama ataambiwa karibu.

Aliitazama ile nafasi muda mrefu.
Hata Mwalimu Kileo aliacha kugonga.

Kisha kidole kikashuka kwenye plasta.
Anansia.
Mara tatu jina hilo linapita kwenye plasta,
na mara zote tatu ikaitika.

"Mama yake alikuwa wa Kahe," akasema, si kwangu.
"Krismasi alikuwa anakuja. Anakula jikoni."

Sikuuliza. Kazi yangu ni vitufe.
Printa ikakohoa, ikatoa karatasi ya moto,
akaishika kwa ncha, akaipuliza kama uji.
Akanihesabia mia mbili kwa sarafu,
akaondoka, akasahau mwavuli.

Mchana, nilipokuwa nazima mashine,
nikakuta plasta imebanduka upande mmoja.
Nikabandika mpya,
nikaikandamiza kwa gumba,
nikahesabu hadi kumi.